Kanisa la Nowa Huta: msalaba ulisimikwa huku, kanisa likajengwa kule

Ukimuuliza mtu anayefuatilia kidogo habari za Papa Yohane Paulo wa Pili atakupa stori ya Nowa Huta kwa pumzi moja: wakomunisti wa Poland walijenga mji wa kiwanda bila kanisa, watu wakasimika msalaba, polisi wakaja, Wojtyła (ndo Papa huyohuyo kabla hajawa Papa) akasimama nao, kanisa likajengwa, kwisha. Stori tamu na sehemu kubwa ni kweli. Shida yake imebana mambo ya miaka karibu thelathini ikayaweka kwenye kiwanja kimoja, wakati viwanja vilikuwa zaidi ya kimoja, na tarehe watu wanazichanganya vibaya mno, nimeshaona mtu kaandika eti 1960 watu walipigwa mabomu ya machozi wakilitetea kanisa la Safina ya Bwana, hilo lililokuja kujengwa baadaye, na hiyo 1960 Safina haikuwepo hata kwenye karatasi. Basi tuifumue polepole, uzi mmoja mmoja.

Tuanze na mji wenyewe. Nowa Huta iko mashariki mwa Kraków, na jina lake halina siri yoyote, huta ni kiwanda cha kuyeyushia chuma, nowa ni mpya, yaani Kiwanda Kipya. Nyumba za kwanza zilianza kujengwa 1949, na 1951 mji ukaunganishwa na Kraków ukawa wilaya yake, ndo maana ukiutafuta kwenye ramani leo hauuoni kama mji unaojitegemea. Tanuru la kwanza liliwashwa 1954 na kiwanda kikapewa jina la Lenin. Madini ya chuma yalitoka Umoja wa Kisovieti, makaa ya mawe yalitoka Silesia, kusini mwa Poland, na watu walitoka vijijini, na hapo kwenye watu ndo penye kiini cha kila kitu kilichofuata.

Kwa nini kiwanda kikubwa namna ile kiwekwe ubavuni mwa Kraków, mji wa chuo kikuu cha karne ya 14, wa makanisa kila kona na wasomi waliokuwa hawaipendi serikali mpya? Jibu la mtaani ni kwamba serikali ilitaka kuwazamisha hao wasomi na mapadri kwenye bahari ya wafanyakazi. Inawezekana hiyo hesabu ilikuwemo, lakini mimi sidhani ilitosha peke yake, maana pale palikuwa na mto Vistula wa kutoa maji, palikuwa na reli, na vijiji vya kusini mwa Poland vilijaa vijana wasio na ardhi ya kutosha. Wakulima wa vijiji vilivyokuwepo pale, Mogiła, Pleszów, Bieńczyce na vinginevyo, walichukuliwa mashamba yao, tena udongo mzuri kuliko maeneo mengi ya nchi ile, na fidia waliyopewa ilikuwa ndogo.

Sasa hao vijana wa kujenga ujamaa walikuwa akina nani? Kwenye mabango ya propaganda wanaonekana na koleo begani wanatazama kesho. Kwenye maisha yenyewe wengi walikuwa watoto wa wakulima Wakatoliki waliobatizwa siku chache baada ya kuzaliwa, na mama zao walikuwa bado kijijini wanasali rozari. Walikuja kutafuta mshahara na chumba chenye maji ya bomba. Hawakuja kuipinga serikali, na hawakuja kuiunga mkono pia, walikuja kufanya kazi. Wakaoa, wakazaa, na mtoto akizaliwa anatakiwa abatizwe, mzee akifa anatakiwa azikwe, Jumapili ikifika mtu anataka misa. Mji uliochorwa na timu ya mchoraji Tadeusz Ptaszycki ulikuwa na uwanja wa katikati na barabara pana zinazotoka pale kama miale, ulikuwa na mpango wa shule, maduka, hospitali, ukumbi wa michezo ya kuigiza. Kanisa hakuna.

Hapa panahitaji sahihisho la kwanza. Mtu akisema Nowa Huta haikuwa na kanisa anamaanisha ule mji mpya wa maghorofa. Pembeni kabisa, kwenye kijiji cha Mogiła, kulikuwa na abasia, yaani nyumba ya watawa, ya wamonaki Wasistersiani iliyosimama pale tangu karne ya 13, na mbele yake kikanisa cha mbao cha karne ya 15. Hivyo havikubomolewa. Kwa hiyo kwenda misa iliwezekana, ila fikiria mji uliopangwa kubeba watu laki moja halafu wote wategemee abasia ya kijijini na vikanisa vya pembeni vilivyojengwa kwa ajili ya watu mia chache.

Uzi wa pili unaowachanganya watu ni neno parokia. Wengi tukisikia parokia tunaona jengo, mnara na kengele. Kwa sheria ya Kanisa parokia ni watu, jumuiya ya waamini iliyokabidhiwa paroko, jengo linakuja baadaye au lisije kabisa. Bieńczyce, upande wa kaskazini wa mji mpya, parokia ilianzishwa mapema miaka ya 50 ikiwa na kikanisa kidogo tu, na jengo lenye hadhi ya kuitwa kanisa lilitabarukiwa, yaani kuwekwa wakfu, 1977. Piga hesabu mwenyewe, karibu robo karne parokia ipo na kanisa halipo, na ukilijua hilo utaona serikali ilikuwa inashindana na kitu ambacho haiwezi kukizuia kwa kunyima saruji.

Maana serikali ilinyima kweli, lakini ilinyima kijanja. Watu wanadhani kulikuwa na amri moja imeandikwa hakuna kujenga kanisa Nowa Huta. Kazi ilifanywa na mafaili. Kwenye nchi ambayo uchumi wote uko mikononi mwa serikali, kujenga chochote kunataka kwanza kiwanja kwenye mpango wa mji, pili kibali cha ujenzi, tatu mgao wa vifaa, kwa sababu saruji na nondo haziuzwi tu dukani kwa mwenye hela, zinagawiwa. Juu ya hayo sheria ya 1953, na nyingine iliyoichukua nafasi yake mwisho wa 1956, ilitaka serikali iwe na sauti kwenye uteuzi wa maparoko na uanzishaji wa parokia. Kila mlango una ufunguo wake na kila ufunguo uko kwa mtu tofauti. Afisa hahitaji kusema hapana, anasema tu faili linashughulikiwa, njoo baada ya sikukuu, ukija baada ya sikukuu anakwambia mpango wa mji umebadilika.

Oktoba 1956 mambo yalilegea. Stalin alishakufa, Poland ilikuwa imechemka, Gomułka akarudi kukiongoza chama cha kikomunisti na siku hizohizo Kadinali Wyszyński, primeti yaani mkuu wa Kanisa la Poland, akaachiwa kutoka kizuizini. Gomułka alihitaji nchi itulie, na nchi ya Wakatoliki haitulii primeti wao akiwa amefungiwa. Watu wa Nowa Huta wakaona mlango umefunguka kidogo wakaingiza mguu, wakaomba kanisa, wakakubaliwa. Kiwanja kikapatikana kwenye makutano ya mtaa wa Marx na mtaa wa Mayakovsky, yule mshairi wa Kisovieti, kwenye eneo la makazi linaloitwa Osiedle Teatralne. Sijui kama kuna mtu aliyepanga hilo ili iwe utani, ila majina ndo hayo. Tarehe 17 Machi 1957 Askofu Mkuu Eugeniusz Baziak akaubariki msalaba wa mbao pale kiwanjani kama alama kwamba hapa patajengwa, mashindano ya kuchora ramani ya kanisa yakafanyika, mshindi akapatikana, Zbigniew Solawa, na watu wakaanza kuchanga kutoka kwenye mishahara yao ya kiwandani.

Alafu mlango ukafungwa tena. Gomułka alipoona ameshika usukani vizuri alianza kurudisha nyuma aliyoyatoa, na kibali cha Nowa Huta kikaenda na maji. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kistaarabu kabisa, kwamba pale panajengwa shule. Nchi ilikuwa kwenye kampeni ya kujenga shule elfu moja kuadhimisha miaka elfu ya taifa la Poland, na nani atabishana na shule? Mwenye kuipinga shule anaonekana mjinga. Ukweli ni kwamba 1966 ndo ilikuwa miaka elfu tangu mtawala wa Poland Mieszko abatizwe, kwa hiyo serikali na Kanisa walikuwa wanagombania keki moja ya birthday, mmoja anasema ni ya taifa, mwingine anasema ni ya ubatizo, na lile gomvi la kiwanja lilikuwa kipande cha hilo gomvi kubwa.

Tarehe 27 Aprili 1960 asubuhi wafanyakazi wakatumwa kuung'oa msalaba. Walioanza kuwazuia walikuwa wanawake, wale wa kwenye maghorofa ya jirani, wengine wametoka na mifuko ya sokoni, na hili lisipitwe haraka kwa sababu kwenye mapicha ya historia ya Poland tunazoea kuona mwanaume mwenye masharubu juu ya geti la kiwanda. Pale walikuwa akina mama. Wakaushikilia, wakaimba nyimbo za kanisani, wakaweka maua na mishumaa. Mchana zamu ya kiwandani ilipotoka wanaume wakajiunga, umati ukawa maelfu, polisi wakaja na mizinga ya maji, mabomu ya machozi na virungu, baadaye risasi, vijana wakajibu kwa mawe na wakaivamia ofisi ya halmashauri ya wilaya. Vurugu ziliendelea mpaka usiku. Mamia walikamatwa, makumi wakafungwa, wengine wakatozwa faini na kupoteza kazi.

Matokeo yake ndo sehemu inayochanganya kuliko zote, soma polepole. Msalaba ulibaki. Kanisa halikuja. Serikali iliogopa kuugusa tena ule mti lakini kibali haikukirudisha, shule ikajengwa kando yake, na msalaba ukabaki umesimama barabarani miaka na miaka kama swali lisilojibiwa, mbao zikioza watu wanaubadilisha na mwingine. Kwa hiyo 1960 ilikuwa vita ya msalaba kwenye Osiedle Teatralne. Safina ya Bwana ni jambo jingine, sehemu nyingine, muda mwingine.

Na Wojtyła je? Kwenye stori fupi anawekwa katikati ya moshi wa mabomu ya machozi. Wakati ule alikuwa askofu msaidizi kijana, mwenye jimbo alikuwa Baziak. Alichokifanya yeye ni kingine na kwangu mimi kina uzito zaidi kwa sababu kilichukua muda. Kuanzia 1959 alikuwa anakwenda Nowa Huta usiku wa Noeli kuadhimisha misa nje, kwenye baridi ya Desemba ya Poland, watu wamesimama kwenye theluji pale Bieńczyce. Mwaka unaofuata anakuja tena, na unaofuata tena. Baziak alifariki 1962, Wojtyła akashika uongozi wa jimbo, 1964 akawa askofu mkuu, 1967 kadinali, na cheo kikipanda misa za nje ziliendelea na barua kwa serikali ziliendelea. Hakuwa mgeni kwa watu wa kiwanda, wakati wa vita, Wajerumani wakiwa wameikalia nchi, aliwahi kupasua mawe kwenye machimbo ya kampuni ya Solvay pale Kraków na baadaye kufanya kazi kiwandani kwao. Hiyo misa ya Noeli haikuwa maandamano, polisi hawana cha kufanya na watu wanaosali, lakini kila picha ya watu elfu kadhaa wamepiga magoti kwenye theluji ilikuwa inaiuliza serikali swali moja tu, hawa watu mnawaweka wapi?

Basi kwa nini Bieńczyce na si kwenye msalaba? Kwa sababu Bieńczyce parokia ilishakuwepo na kikanisa kilishakuwepo. Kwenye Teatralne serikali ingekubali ingekuwa imekiri kwamba 1960 ilikosea, mbele ya wale wale waliopigana nayo. Kujenga Bieńczyce kungeweza kuitwa upanuzi wa kilichopo, heshima ya kila mtu inabaki. Hayo ni maoni yangu, lakini ukiangalia jinsi maofisa wanavyofanya kazi popote utaona kusogeza jambo hatua chache pembeni ni njia nzuri ya kukubali bila kusema umekubali. 1965 akaletwa paroko mpya, padri Józef Gorzelany, mtu wa vitendo, na kibali kikatoka 1967. Tarehe 14 Oktoba mwaka huohuo Wojtyła akashika jembe akachimba udongo wa kwanza. Tarehe 18 Mei 1969 likawekwa jiwe la msingi, jiwe lililotoka kwenye Basilika ya Mtakatifu Petro Roma, zawadi ya Papa Paulo wa Sita.

Kupata kibali haikumaanisha umepata kontrakta. Hakuna kampuni ya ujenzi ya serikali iliyokuja, mashine hakuna, saruji ya mgao hakuna au inakuja kwa kudondoka. Kwa hiyo kanisa kubwa kwenye mji uliokuwa na moja ya viwanda vikubwa vya chuma barani likajengwa kwa koleo. Zege lilichanganywa kwa mikono. Mtu anamaliza zamu kwenye matanuru ya Lenin, anakula, anakwenda kumwaga zege parokiani, wanafunzi wanakuja likizo, wakaja na vijana wa kujitolea kutoka nchi nyingine. Ilichukua miaka kumi, 1967 mpaka 1977, na kama umewahi kukaa kwenye kamati ya ujenzi wa kanisa unajua miaka kumi ina vikao vingapi.

Jengo lenyewe mchoraji wake ni Wojciech Pietrzyk, na linafanana na meli iliyokwama juu ya mlima baada ya gharika, ndo hiyo Arka Pana, Safina ya Bwana, ingawa jina la parokia ni Bikira Maria Malkia wa Poland. Juu yake umesimama mlingoti wa chuma wenye msalaba, kama mita 70 kwenda juu. Watu wa ujenzi wanapenda kusema limefuata nyayo za kanisa la Ronchamp kule Ufaransa, lililochorwa na Le Corbusier, na kuta zilizopinda zile kweli zinakumbusha. Ila kitu ambacho Ronchamp haina ni ngozi. Ukuta wa nje wa Safina umevishwa mawe madogo ya mtoni, yale laini ya mviringo, inasemwa ni kama milioni mbili, na yaliokotwa na watu kwenye mito ya Poland wakayaleta, mwingine kwenye mfuko, mwingine kwenye begi la safari. Ukifikiria sababu unaona akili yake: tofali linahitaji mgao wa serikali, jiwe la mtoni halihitaji saini ya mtu. Hapo ndo utaona kunyimwa vifaa kumeingia mpaka kwenye sura ya kanisa.

Ndani kuna Kristo mkubwa wa metali kazi ya Bronisław Chromy, mwili wake umepinda kama anaruka kutoka msalabani, wengine hawampendi, wanasema hana utulivu, mimi naona kwa mji wa matanuru metali ile ndo lugha yao. Kuna sanamu ya Bikira Maria iliyotengenezwa kwa vipande vya risasi na mabomu vilivyotolewa kwenye majeraha ya askari wa Poland waliopigana Monte Cassino, Italia, 1944. Na kwenye tabernakulo, kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, iliyotengenezwa kwa mfano wa ulimwengu wa sayari, inasemwa kuna kipande cha madini kilicholetwa kutoka mwezini na wanaanga wa Apollo 11. Hilo la mwezi ndo watu hulikumbuka wakitoka, lakini mimi ningekaa zaidi kwenye yale mawe ya nje.

Tarehe 15 Mei 1977 Wojtyła akalitabaruku, mvua inanyesha, umati mkubwa. Ujumbe wake siku ile, kwa ufupi, ulikuwa kwamba huu si mji wa watu wasio na mwenyewe, watu wa kufanyiwa lolote, ni mji wa wana wa Mungu. Mwaka mmoja na nusu baadaye, Oktoba 1978, akachaguliwa Papa, na hapo stori ya kanisa la mtaa ikawa stori ya dunia, na ndo hapo pia ilipoanza kubanwa ikawa fupi.

Maana kuna mkanganyiko mwingine, ziara ya 1979. Papa mpya anarudi nyumbani Juni, anataka kwenda Nowa Huta kwenye kanisa alilolichimbia msingi. Serikali ikakataa. Wakakubaliana aende abasia ya Mogiła, ile ya karne ya 13, ambayo watu huiendea kuhiji kwenye msalaba wake wa zamani. Kwa hiyo tarehe 9 Juni 1979 alihubiri Mogiła, hakuhubiri kwenye Safina, na ndo pale aliposema kwamba kutoka kwenye msalaba wa Nowa Huta umeanza uinjilishaji mpya. Hayo maneno mawili, uinjilishaji mpya, leo unayasikia kwenye kila semina ya makatekista na kila barua ya maaskofu, na mtu anaweza kuyatumia miaka ishirini bila kujua Yohane Paulo aliyatumia kwa mara ya kwanza kwenye mji wa chuma, yakimaanisha mti uliowekwa barabarani na akina mama wakaukatalia polisi.

Miaka ya 80 kanisa likawa na kazi ambayo hakuna aliyeipanga. Desemba 1981 Jenerali Jaruzelski, mkuu wa serikali, akatangaza sheria ya kijeshi, chama huru cha wafanyakazi cha Mshikamano (Solidarność) kikasimamishwa na Oktoba 1982 kikapigwa marufuku, na kiwanda cha Lenin kilikuwa moja ya ngome zake kubwa. Sehemu ambayo watu wengi wanaweza kukusanyika kihalali ni misa. Misa ikiisha watu wanatoka nje, polisi wanasubiri, na barabara zinazoizunguka Safina zikawa uwanja wa mapambano mara kwa mara. Tarehe 13 Oktoba 1982 Bogdan Włosik, kijana wa miaka 20 aliyekuwa anafanya kazi kiwandani na kusoma jioni, alipigwa risasi na afisa usalama karibu na kanisa, akafa. Maelfu kwa maelfu walikuja kumzika. Mnara wake upo pale alipoangukia, usiupite ukifika.

Na hapa kiwanja cha nne, ambacho stori fupi hukisahau kabisa: Mistrzejowice, kaskazini zaidi. Padri kijana Józef Kurzeja alijenga kule kibanda cha kufundishia dini 1970 bila kibali, akasumbuliwa na vyombo vya usalama, akafa 1976 akiwa bado kijana. Kanisa la Mtakatifu Maksimiliani Kolbe likainuka pale, na Papa mwenyewe alilitabaruku Juni 1983, safari hii akaruhusiwa kuja. Padri Kazimierz Jancarz alikuwa akiendesha pale misa za Alhamisi kwa ajili ya taifa na kuzisaidia familia za waliofungwa. Kwa hiyo mtu akikwambia kanisa la Mshikamano Nowa Huta, muulize unamaanisha lipi, Bieńczyce au Mistrzejowice, kwa sababu yote mawili yana haki ya kulidai hilo jina.

Mgomo mkubwa wa kiwandani wa 1988 ulianza Aprili 26, siku moja tu kabla ya kumbukumbu ya ule msalaba, ukavunjwa na polisi baada ya siku kadhaa usiku. Mwaka uliofuata mfumo wenyewe ukaanguka. Sanamu kubwa ya Lenin iliyosimamishwa Nowa Huta 1973, ambayo kuna mtu alijaribu kuilipua 1979 akaharibu kisigino tu, iling'olewa Desemba 1989 na baadaye ikauzwa Sweden kwenye kituo cha burudani. Ule uwanja wa katikati ukaja kupewa jina la Ronald Reagan, jina ambalo wakazi wengi hawalitumii, wanauita Uwanja wa Kati kama zamani. Kiwanda kikabadilishwa jina kikaitwa cha Sendzimir, kikabinafsishwa, na tanuru la mwisho likazimwa 2019, mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba haliwashwi tena. Parokia iliyozaliwa kwa ajili ya watu wa tanuru imelizidi umri tanuru lenyewe, ingawa waumini nao wanazeeka na vijana hawajai kanisani kama babu zao walivyokuwa wanajaa kwenye theluji, hilo si siri huko Poland.

Ukifika siku moja usianzie kwenye Safina kama wageni wanavyofanya. Anzia Teatralne. Mtaa wa Mayakovsky uliondolewa hilo jina, sasa unaitwa mtaa wa Watetezi wa Msalaba. Shule iliyokuwa kisingizio ilijengwa kweli na watoto wamesoma pale vizazi kadhaa. Msalaba upo. Na baada ya ukomunisti kuanguka pakajengwa na kanisa, la Moyo Mtakatifu wa Yesu, pale pale pembeni. Shule, msalaba na kanisa, vyote vitatu, kiwanja kilikuwa kinatosha tangu mwanzo.